Kuandaa ardhi ya jengo na maegesho kule Fort Portal: hatua kwa hatua

Ukijenga Fort Portal, Bundibugyo au Kasese, unajenga pembeni mwa bonde la ufa. Tetemeko la Machi 1966 liliua watu wengi huku Toro, na lile la Kisomoro la Februari 1994 wazee wanalikumbuka vizuri. Kiwango cha Uganda cha kusanifu majengo dhidi ya matetemeko, US 319, kimegawa nchi kwa kanda, na magharibi ndiko hatari ilipo kubwa. Lakini kanda peke yake haitoshi. Udongo ulio chini ya kiwanja chako unaweza kuukuza mtikisiko kabla haujafika kwenye msingi, na udongo huohuo ndio utakaobeba malori uani.

Tuchukue mfano wa zahanati ya ghorofa mbili yenye uwanja wa magari.

1. Toboa, na usisimame mapema

Aina ya udongo kwa hesabu za tetemeko huamuliwa na mita 30 za juu. Kama fedha ni chache, angalau shimo moja lifike kina hicho, au lifike kwenye mwamba wenyewe. Ili kupima ugumu, bomba la kuchukulia udongo linapigiliwa chini ya shimo: nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka milimita 760, nawe unahesabu mapigo yanayozamisha bomba sentimita 30.

Hapa naomba msomaji asikilize sana, kwa sababu Fort Portal imekaa juu ya majivu ya volkano yaliyogandamana. Kwenye kiwanja kimoja tulilikuta tabaka hilo mita 3 chini: mapigo 50 na nyundo inadunda tu. Mteja akasema tumefika mwambani, tufunge mtambo. Nikakataa. Baada ya mita mbili hivi bomba likazama kwa mapigo 6. Lilipotoka lilikuwa limejaa mfinyanzi wa kijivu, laini, unaobonyea kwa kidole gumba. Tungefunga, ripoti ingesema ardhi ni ngumu.

2. Soma mapigo

Kwa Eurocode 8, kiwango cha Ulaya cha majengo na matetemeko, mapigo zaidi ya 50 ni daraja B (udongo mgumu), 15 hadi 50 ni C, chini ya 15 ni D (udongo laini). Usitumie wastani kuficha tabaka laini. Litaje kwa kina na unene wake, mhandisi anayesanifu jengo aliamue mwenyewe.

3. Tafuta maji

Acha bomba lenye matundu shimoni, upime maji kwa wiki kadhaa, ikibidi hadi mvua za Machi hadi Mei. Mchanga uliolegea, uliojaa maji, ukitikiswa hugeuka uji: chembe zinaachana na mzigo unabebwa na maji. Kwenye tambarare za Semliki na ufukwe wa Ziwa Albert swali hili liulizwe kabla ya yote. Ukiukuta mchanga huo, pendekeza kuushindilia hadi kina chake chote, kushusha nguzo za msingi hadi tabaka gumu, au kuhamisha jengo. Kuhama mara nyingi ndiko nafuu.

4. Msingi

Vitako vya nguzo vifungwe kwa boriti pande zote mbili, visije vikaachana. Na kamwe nusu ya jengo isikae kwenye ardhi iliyokatwa na nusu kwenye kifusi.

5. Uwanja wa magari

Ondoa udongo wote wenye mizizi. Kisha tumia koni ya kupimia: nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575. Ikizama milimita 10 kwa pigo, CBR (kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, kwa asilimia) ni kama 26; milimita 30, kama 8; milimita 50, haifiki 5. Penye chini ya 5 mimi huchimba na kujaza murram (changarawe nyekundu ya barabara) nzuri. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi uondoe, au uuchanganye na chokaa baada ya kupima maabara.

Shindilia kwa tabaka za milimita 150. Kabla ya rola, finyanga donge la murram mkononi. Likiacha maji kiganjani, limezidi maji. Likimong'onyoka kama unga, ongeza maji. Likivunjika vipande viwili au vitatu safi, ita rola. Hilo ni la kukuongoza tu. Jibu linatoka kwenye kipimo cha shimo la mchanga (unachimba kishimo, unapima uzito wa udongo uliotoka, na unajaza mchanga kujua ukubwa wake), na mimi sikubali chini ya asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopatikana maabara.

Mwisho, pitisha lori lililojaa, mwendo wa mtu anayetembea, nawe ufuate nyuma ukitazama matairi. Ardhi ikiyumba kama godoro, weka alama kwa rangi, chimba hapo, jaza upya, na lori lirudi. Mitaro ya kando ichimbwe kabla ya tabaka la juu kumwagwa, na sakafu yake iwe chini kuliko murram yako, ili maji yatoke nje ya uwanja badala ya kurudi chini yake.