Jinsi ya Kuchagua Wakati wa Kupanda Ngano

Mkulima aliyezoea mahindi hupanda mara mvua zinapoanza kunyesha vizuri, na kwa mahindi hakosei. Ngano ina mahitaji tofauti: hutaka mvua ikiwa changa na ukavu inapokomaa. Ndiyo maana Hanang, mkoani Manyara, na katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako msimu wa mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma karibu na Mei, ngano hupandwa msimu ukiwa umekwisha kwenda, kuanzia Februari hadi Machi, na kwingine hadi Aprili.

Ili kupata tarehe yako, anzia mwisho wa mvua urudi nyuma. Kwanza fahamu muda wa mbegu uliyo nayo, kwa kuwa aina nyingi za Afrika Mashariki hukomaa kati ya siku 90 na 130, na siku huongezeka kadiri shamba linavyokuwa juu kwenye baridi. Kisha chunguza ni wiki ipi mvua hukatika kwenu kwa kawaida. Ngano inapaswa kuchanua udongo ukiwa bado na unyevu wa kuijaza punje, kazi inayochukua mwezi mmoja au zaidi kidogo. Mbegu ya siku 120 iliyopandwa Machi 10, kwa mfano, itachanua katika nusu ya pili ya Mei na kuwa tayari kuvunwa mwanzoni mwa Julai.

Ukiwahi mno, masuke hutoka mvua zikiwa bado nyingi, fangasi huyashambulia, na punje zilizokomaa zinaweza kuchipua zikiwa bado kwenye suke, hasara ambayo hakuna kinu kitakachokufidia. Ukichelewa, hasara huanzia chini: kila shina hutoa machipukizi machache, na kwa hiyo masuke huwa machache. Ukame ukiikuta ngano inajaza punje, ukipukusa suke mkononi utaona punje nyembamba zenye mikunjo, nyepesi kiasi cha kupeperuka pamoja na makapi. Katika maeneo ya juu kama Makete, ngano iliyochelewa inaweza kuchanua wakati wa baridi kali, na sakitu, yaani umande ulioganda, ikiipata usiku, masuke hubaki meupe na matupu. Ugonjwa wa kutu nao hulielemea zaidi shamba lililochelewa, kwa sababu vimelea vyake vimekwisha kuzaliana kwa jirani aliyetangulia.

Kwa maoni yangu, penye mvua haba ni heri kuwahi kwa wiki moja kuliko kuchelewa kwa wiki moja, kwani fangasi wana dawa, lakini ukame hauna.

Siku ikifika, chimba kidogo, chukua udongo wa kina cha sentimita 5 na uufumbate. Ukishikamana bila kuchuruzisha maji, panda kwa kina cha sentimita 3 hadi 5. Kiwango cha kawaida ni kilo 100 hivi za mbegu kwa hekta, na aliyechelewa aongeze hadi kilo 125 ili kufidia upungufu wa machipukizi. Mwenye shamba kubwa asilipande lote kwa siku moja. Atangulize mbegu ya muda mrefu na kumalizia na ya muda mfupi, mradi zote zichanue kabla unyevu haujaisha.