Kabla pesa haijatoka, soma jina

Wiki jana nilikuwa natafuta friji. Nikaangukia ukurasa wa Facebook wenye nembo na picha za duka ninalolijua pale Luthuli Avenue, Nairobi, hadi zile ngazi zake nyembamba. Bei nusu, leo tu. Kisha nikaambiwa nitume kwanza pesa ya boda wa kuileta, kwa namba ya mtu binafsi. Friji kwa boda, jamani!

M-Pesa ikikuonyesha jina la mpokeaji, lilinganishe na la duka. Halifanani? Ghairi. Till (namba ya biashara ya kupokea malipo) peke yake si kinga, hata tapeli anaweza kuwa nayo.

Pia fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa hapo Facebook: utaona ulifunguliwa lini na majina uliyowahi kutumia. Ule nilioangukia ulikuwa na miezi 2, na mwanzo uliuza mawigi. Kwa tovuti, kagua anwani yake. Kistari kimoja cha ziada chatosha kukupoteza.

Bado una shaka? Piga namba iliyo kwenye risiti ya zamani, si ile ya ukurasani. Nilipopiga, mwenye duka alishusha pumzi: "Wewe ni wa tano leo."