Namna ya Kupanga Mahali pa Vihisi vya Kuhesabu Watu Juu ya Milango ya Majengo

Kihisi cha kuhesabu watu kinachofungwa darini, juu ya mlango wa duka, maktaba, hospitali au ofisi ya umma, hakiwezi kusahihisha kosa la aliyekichagulia mahali. Mtu aliyepita nje ya eneo kinaloliona hayumo katika hesabu, na hakuna programu itakayomrudisha baadaye. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla kifaa hakijanunuliwa, kwa tepu ya kupimia, chaki, na saa kadhaa za kusimama pembeni na kutazama watu wanavyopita. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa jengo au fundi aliyekabidhiwa kazi hiyo katika miji yetu, ambako mlango mara nyingi hukaa wazi kutwa, jua huingia hadi ndani, na mlinzi huwa na meza yake palepale watu wanapoingilia.

Hesabu hii ni ya nini?

Ikiwa lengo ni kujua ni watu wangapi wamo ndani kwa wakati fulani, kwa mfano kwa ajili ya usalama wa moto, kila upenyo lazima uhesabiwe: mlango mkuu, mlango wa nyuma, lifti inayotoka maegesho ya chini, hata mlango wa dharura ambao wafanyakazi wameuzoea. Upenyo mmoja ukiachwa, kosa lake hujilimbikiza tangu asubuhi, na ifikapo jioni mfumo unaweza kuonyesha watu mia ndani ya jengo lililokwisha kufungwa. Lakini ikiwa lengo ni kulinganisha siku na siku, mlango mkuu pekee unaweza kutosha, mradi tu mpangilio wake haubadiliki katikati ya mwaka.

Chukua ramani ya jengo, lizunguke lote, na utie alama kwenye kila upenyo. Waulize wafanyakazi wa usafi na walinzi kabla ya kumwuliza meneja. Wao ndio wanaojua mlango upi hufunguliwa gari la mizigo linapofika, na upi huachwa wazi siku umeme unapokatika.

Tazama njia kabla ya kutazama dari

Simama mahali usipomzuia mtu, asubuhi watu wanapoingia kazini, mchana wanapotoka kula, na jioni. Katika mji wenye Waislamu wengi, usikose Ijumaa mchana. Chora kwa chaki, au kwenye karatasi, njia wanazopita. Unachotafuta ni ukanda mwembamba ambao kila mtu lazima aukate akiwa anatembea, na ambao hakuna anayesimama ndani yake. Ukanda huo ni nadra kuwa kwenye kizingiti chenyewe, na sababu zake zinafaa kuelezwa moja moja.

Kwanza ni bawa la mlango. Mlango wenye upana wa mita 0.9 unaofungukia ndani hufagia robo duara yenye nusu kipenyo cha kiasi hichohicho, na kihisi kinachotazama eneo hilo huona kitu kikubwa kikisogea kila mtu anapopita. Mstari wa kuhesabia, yaani mstari wa kuwazia ambao kila anayeuvuka huhesabiwa, uanze baada ya mwisho wa mzunguko wa bawa. Pili ni mvua. Mtu anayeingia huku mwavuli ukiwa bado wazi huonekana kutoka juu kama duara moja kubwa, hata kama chini yake wako wawili; akishapiga hatua mbili tatu ndani atakuwa ameufunga na kuukung'uta. Wakati huohuo, wapita njia waliokimbilia kibarazani hujibana mlangoni, huingia nusu hatua na kurudi, na mstari uliochorwa kwenye kizingiti utawahesabu kana kwamba ni wageni wa jengo.

Tatu ni ukaguzi. Majengo mengi ya Nairobi yana fremu ya kugundua chuma mlangoni na meza ya kukagulia mikoba kando yake. Mlinzi huvuka hatua moja mbele na moja nyuma siku nzima, anamrudisha mteja aliyesahau simu mfukoni, anapokea mkoba upande huu na kuukabidhi upande wa pili. Kihisi kikiwa juu ya meza hiyo, mlinzi mmoja anaweza kuongeza hesabu kwa kiasi kisicho na uhusiano wowote na wageni. Weka mstari wa kuhesabia mbele zaidi ndani, pale mgeni amekwisha kuchukua vitu vyake na kushika mwendo wake wa kawaida. Hata hivyo usiingie ndani mno, kwa kuwa baada ya mita chache watu hutawanyika, wengine kuelekea lifti, wengine mapokezi, na ukanda mwembamba hugeuka ukumbi. Kwa kawaida mahali pazuri huwa kati ya mita moja na mbili baada ya bawa la mlango au meza ya ukaguzi, ingawa chaki yako ndiyo itakayoamua.

Upana hupimwa kwenye kimo cha kichwa

Hapa ndipo mipango mingi huharibikia. Muuzaji husema kwamba kifaa chake kinaona upana wa mita 6, na mnunuzi mwenye lango la mita 5 huridhika. Mita hizo 6 ni za sakafuni, na watu hawahesabiwi kwa nyayo zao. Eneo linaloonwa huanza kama ncha kwenye lenzi na kupanuka kuelekea chini, kwa hiyo vichwani ni jembamba sana kuliko sakafuni, na mtu mrefu anayepita ukingoni hukatwa kichwa na mabega.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Toa kimo cha kichwa kutoka kwenye kimo cha kihisi, zidisha kwa tanjenti ya nusu ya pembe ya kuona, kisha zidisha kwa 2. Chukua kimo cha kichwa kuwa mita 1.9 ili watu warefu wasiachwe. Kihisi chenye pembe ya nyuzi 90 kina nusu ya nyuzi 45, ambayo tanjenti yake ni 1. Kikiwa kwenye dari la mita 3, sakafuni kitaona mita 6, lakini vichwani ni mita 2.2 tu. Kihisi hichohicho kwenye dari la mita 4 kitaona mita 4.2 vichwani. Chenye pembe ya nyuzi 60, kwenye dari la mita 3, hakifikishi hata mita 1.3, yaani mlango wa mtu mmoja. Fanya hesabu hii kwa pande zote mbili, kwa kuwa vihisi vingi huona mstatili na si mraba, na upande mrefu ndio unaopaswa kulala kukingama njia ya watu. Vilevile soma kwenye maelezo ya mtengenezaji kimo cha chini na cha juu kinachoruhusiwa. Dari likiwa juu kupita kiwango hicho, vichwa huonekana vidogo mno, na itabidi kihisi kishushwe kwa bomba.

Sasa chukua lango la mita 6 lenye dari la mita 3.5. Kihisi kimoja cha nyuzi 90 kinaona mita 3.2 vichwani, na viwili vinaonekana kutosha kwa kuwa jumla ni 6.4. Lakini hapo vinapishana kwa mita 0.4 pekee, wakati mabega ya mtu mzima ni karibu nusu mita. Anayepita katikati hataonekana mzima na kihisi chochote kati ya hivyo viwili. Atapotea, au atahesabiwa mara mbili. Weka vitatu. Gharama inaongezeka, ndiyo, lakini lango lenye mwanya katikati, pale ambapo watu wengi hupita, halina hesabu ya kutegemewa. Hakikisha pia kwamba vihisi hivyo vina uwezo wa kupokezana mtu anayetoka eneo la kimoja kuingia la kingine. Visipokuwa nao, kila kimoja kipewe sehemu yake ya mstari, na sehemu hizo zisiingiliane.

Ukishapata vipimo, vichore sakafuni kwa chaki na umwombe mwenzako mrefu atembee ukingoni huku ukimtazama. Mchoro huo huonyesha mapema ua la chungu, nguzo au rafu ya magazeti iliyomo ndani ya eneo.

Dari lenyewe

Kihisi kitazame chini wima. Kwenye dari la mita 4, mwinamo wa nyuzi 5 husogeza kitovu cha eneo kwa sentimita 35 sakafuni, jambo linalotosha kurudisha bawa la mlango ndani ya picha. Tumia pima maji kwenye kitako cha kifaa na timazi kupata nukta iliyo chini yake. Kwenye dari la jipsamu usitegemee ubao pekee. Funga kwenye fremu au tia kipande cha mbao nyuma yake, kwa sababu kifaa kinacholegea huinama polepole bila mtu yeyote kugundua.

Kati ya kihisi na vichwa vya watu pasiwe na kitu kinachoning'inia. Feni ya dari ni adui mkubwa zaidi katika majengo ya pwani, kwa kuwa mapanga yake huleta mwendo usiokoma. Bango la matangazo, taa ya mnyororo na mapambo ya sikukuu hufuata. Kihisi kihamishwe au feni ihamishwe. Kuzima sehemu ya eneo kwa programu ni suluhisho dhaifu, kwa maana anayepita hapo naye hataonekana.

Kuhusu nyaya, vihisi vingi hupata umeme kupitia kebo ya mtandao. Kwa kebo ya shaba, umbali kutoka swichi ya mtandao hadi kihisi usizidi mita 100, na swichi iwe inatoa umeme wa kiwango kinachotajwa na mtengenezaji. Kiwango cha kawaida cha umeme wa kebo ya mtandao, kiitwacho IEEE 802.3af, ni wati 15.4 kwenye swichi. Swichi hiyo iwekewe betri ya akiba. Umeme ukikatika, watu hawaachi kuingia wakati jenereta inawashwa, na kihisi kinachohitaji dakika kadhaa kuamka kitawakosa wote.

Jua na joto

Vihisi vinavyopima umbali kwa mwanga wa infraredi huweza kuzidiwa na jua kali linalopiga sakafu. Vile vya kamera mbili huhitaji mwanga wa kutosha, navyo husumbuliwa na vivuli vikali na sakafu inayong'aa kama kioo. Vya joto hutegemea tofauti kati ya mwili na sakafu. Saa nane mchana mjini Mombasa, kwenye kizingiti kilichopigwa na jua tangu asubuhi, tofauti hiyo inaweza kuwa ndogo mno.

Kwa hiyo jua lifuatwe kwa miezi, si kwa siku ya ziara pekee. Katika ukanda wetu karibu na ikweta, milango inayotazama mashariki na magharibi hupata jua la chini linaloingia moja kwa moja asubuhi au jioni, mwaka mzima. Mlango unaotazama kaskazini jijini Dar es Salaam unaweza kuonekana salama mwezi Desemba, ambapo jua la adhuhuri liko upande wa kusini. Lakini mwezi Juni jua hilo huhamia kaskazini, takriban nyuzi 30 kutoka utosini, na mwanga huingia ndani. Ukiweza, sogeza kihisi hadi nyuma ya mpaka wa mwanga, au uombe kibaraza kirefushwe.

Nani anahesabiwa

Vihisi vinavyopima kimo huruhusu kuweka kiwango ambacho chini yake kitu hakihesabiwi, ili toroli na watoto wadogo waachwe. Uangalifu unahitajika hapa. Kichwa cha mtu mzima aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu huwa takriban mita 1.2 hadi 1.3 kutoka sakafuni. Kiwango cha mita 1.4 humfuta kabisa, na baadaye takwimu hizo hutumiwa kudai kwamba watu wenye ulemavu hawaji, hivyo njia ya mteremko haina haja. Usikubali kiwango hicho. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga atahesabiwa pamoja na mama yake kama mtu mmoja, na hilo liandikwe wazi kwenye ripoti. Mchukuzi mwenye tenga kichwani ajaribiwe mahususi, kwa kuwa tenga pana huficha umbo ambalo kihisi kimefundishwa kulitambua.

Chagua kifaa kinachotoa namba tu na kisichohifadhi picha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha inayomtambulisha mtu huleta wajibu wa kisheria ambao hesabu tupu haikuhitaji kuubeba. Bandika tangazo mlangoni kwa Kiswahili cha kueleweka.

Jaribu kabla ya kulipa

Watu wawili wahesabu kwa mkono, mmoja wanaoingia na mwingine wanaotoka, kwa vipindi vya dakika 15, wakati wa msongamano na wakati wa utulivu, na ikiwezekana siku ya mvua. Usilinganishe jumla pekee. Kihisi kilichowakosa watu 8 na kuhesabu toroli 8 kitaonyesha 100 kwa 100, na kila mtu atakipongeza. Ukitazama kila anayevuka ndipo makosa hayo mawili yatakapojitenga. Kisha kwa wiki nzima linganisha walioingia na waliotoka hadi jengo linapofungwa. Tofauti inayoelemea upande uleule kila siku huashiria upenyo uliosahauliwa au mstari uliochorwa karibu mno na mlango.

Hifadhi kwenye faili moja ramani, vimo, picha ya chaki na matokeo ya jaribio, nakala moja ikae kwa fundi wa jengo. Meza ya mlinzi ikisogezwa, dari likipakwa rangi, au mapambo yakitundikwa, jaribio la dakika 15 lirudiwe siku hiyohiyo, na tarehe ya mabadiliko iandikwe kando ya takwimu ili anayezisoma mwakani asidhani kwamba wageni ndio waliopungua.