Mteja akitaka mvinyo mwekundu wa bei nafuu

Usianze kwa kumwonyesha chupa. Muulize: "Kaka, leo mnakula nini? Unapenda mtamu?" Hapa Kirumba, Mwanza, wateja wangu wengi wakisema mwekundu wanamaanisha mtamu. Ukimpa Cabernet, mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, atarudi kesho amenuna, na ana haki.

Anayetaka utamu mpe mtamu wa Dodoma. Kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wenyewe haujalipiwa meli wala ushuru wa forodha, kwa hiyo pesa ya mteja inakwenda kwenye kilichomo ndani. Wa mbuzi choma mpe Pinotage ya Afrika Kusini, zabibu iliyozalishwa mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Ladha yake yenye moshi kidogo inaelewana na mkaa. Merlot ya Chile ni laini, inamfaa anayeanza.

Kazi ipo kwa samaki. Sangara akikutana na mvinyo wenye ukakasi mwingi, mdomoni inabaki ladha ya chuma. Tafuta mwepesi, tena uliopoa. Na hili mwambie kila mteja, maana joto la Mwanza si la Ulaya: chupa ikae kwenye friji nusu saa kabla ya kufunguliwa.

Kagua chupa mwenyewe kabla ya kuiuza. Iliyopigwa jua dirishani, au ambayo kizibo kimesukumwa juu ya mdomo wake, iondoe rafuni hata mwenye duka akinung'unika. Kizibo cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni; mweleze mteja hivyo bila kusitasita.