Kutengeneza Jedwali Lako Kutoka Rekodi za Sensa: Mfano wa Maji ya Kunywa Mkoani Mtwara

Majedwali ya sensa yaliyochapishwa hujibu maswali ya walioyapanga. Ukitaka kujua, kwa mfano, katika kila wilaya ya Mtwara ni kaya ngapi zinazoongozwa na wanawake zinazotegemea maji ya mvua, itakubidi uzifikie rekodi za mtu mmoja mmoja, zilizoondolewa majina, na ujipangie jedwali mwenyewe. Nitatumia sampuli ya asilimia 10 ya sensa ya mwaka 2012, ambayo mradi wa IPUMS wa Chuo Kikuu cha Minnesota huitoa bure kwa anayejisajili na kueleza madhumuni ya utafiti wake.

Hatua ya kwanza hufanyika kwenye karatasi, kabla ya kufungua kompyuta. Chora jedwali tupu: wilaya ziwe mistari, vyanzo vya maji viwe safu wima, na jinsia ya mkuu wa kaya igawe jedwali mara mbili. Chini yake andika sentensi moja inayotaja ni nani anayehesabiwa.

Hatua ya pili ni kuchagua vigezo, yaani mkoa, wilaya, uhusiano na mkuu wa kaya, jinsia, chanzo cha maji na uzito (namba inayoonyesha kila rekodi inawakilisha rekodi ngapi), kisha kupakua faili.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi, nami nikiwamo. Katika faili hili kila mstari ni mtu, ilhali chanzo cha maji ni sifa ya kaya iliyonakiliwa kwa kila anayeishi humo, kwa hiyo kaya ya watu tisa huhesabiwa mara tisa. Jedwali langu la kwanza la Newala na Tandahimba lilihesabu watu huku kichwa chake kikisema kaya, na nililigundua kosa hilo baada ya kuona jumla inazidi kaya zote za wilaya. Dawa yake ni kubakiza wakuu wa kaya peke yao, na kuwatoa wakazi wa mabweni na taasisi nyingine.

Hatua ya nne, tumia uzito. Katika sampuli ya asilimia 10 kila rekodi husimama badala ya takriban rekodi kumi. Usipoitumia safu ya uzito, utapata idadi ya sampuli, si makadirio ya wilaya.

Hatua ya tano, piga asilimia kwa mstari, ili kila wilaya ifikie 100. Ukipiga kwa safu wima utakuwa umejibu swali jingine: kati ya kaya zinazokunywa maji ya mvua, ngapi ziko Newala.

Ukilinganisha na mwaka 2002, kumbuka kuwa Nanyumbu wakati huo ilikuwa ndani ya Masasi, ziunganishe kwanza. Kisanduku cha jedwali chenye rekodi chache sana za sampuli kiunganishe na jirani yake, au kiache wazi na uandike sababu chini ya jedwali.