Kujenga proksi ya Squid kutoka msimbo chanzo

Squid ni programu ya proksi, yaani seva ya kati inayopitisha maombi ya wavuti ya watumiaji. Kabla ya kupakua chochote, jiulize kama kweli unahitaji kuijenga mwenyewe. Pakiti ya Squid inayokuja na Debian inatosha kwa proksi ya kawaida, hata kwa tovuti za HTTPS, kwa sababu Squid huzipitisha kama bomba bila kufungua kilichomo. Ijenge ukitaka toleo jipya kuliko la mfumo wako, au kipengele ambacho pakiti haina.

Squid 6 inahitaji kikompaili (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kinachoelewa C++17. Kwenye Debian au Ubuntu, anza hivi:

sudo apt install build-essential pkg-config perl libssl-dev libsystemd-dev

Pakua kifurushi cha .tar.xz pamoja na faili yake ya sahihi, .asc, kisha uhakiki kwa gpg --verify. Usiruke hapa: mawasiliano ya kila anayetumia proksi yako yatapita ndani ya programu hii. Ukichukua msimbo kwa git badala ya kifurushi, hutaikuta faili ya configure; sakinisha kwanza autoconf, automake, libtool na libltdl-dev, halafu uendeshe ./bootstrap.sh.

Sasa inakuja amri inayoamua karibu kila kitu:

tar xf squid-6*.tar.xz
cd squid-6*/
./configure --prefix=/usr/local/squid --with-default-user=proxy --with-openssl --with-systemd

Prefix huweka kila kitu ndani ya folda moja, kwa hiyo haigongani na pakiti ya mfumo na kuifuta ni rahisi. Usipotaja mtumiaji, Squid itatumia nobody. Mtumiaji proxy tayari yupo kwenye Debian, kwingine mtengeneze. Kama huna mpango wa kufungua HTTPS na kuikagua, ondoa --with-openssl.

Kisha:

make -j2
sudo make install

Namba baada ya -j ni idadi ya kazi zinazokwenda kwa pamoja. Usiipandishe ovyo kwenye mashine yenye RAM ndogo. Ukiona "Killed signal terminated program cc1plus", msimbo hauna kosa. RAM imekwisha na kerneli (kiini cha mfumo) imeua kikompaili. Ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) au rudia kwa make -j1. Itaendelea pale ilipoishia.

Wengi hukwama baada ya hapo, wakati kazi inaonekana imekwisha. Squid huanza kama root (msimamizi mkuu wa mfumo) kisha hushuka kuwa proxy, lakini folda zilizosakinishwa ni za root. Matokeo yake Squid hushindwa kuandika access.log, faili ya kumbukumbu za maombi. Wala usikimbilie chmod 777, inayompa kila mtu ruhusa zote. Mpe proxy folda zake:

sudo chown -R proxy:proxy /usr/local/squid/var/logs /usr/local/squid/var/cache

Fungua faili ya mipangilio, /usr/local/squid/etc/squid.conf. Kanuni za http_access husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza kulingana ndiyo inayoamua. Ukiandika ruhusa yako chini ya "deny all", ni kama hukuandika. Iweke juu yake:

acl mtandao_wangu src 192.168.10.0/24
http_access allow mtandao_wangu

Kamwe usiandike "allow all" kwenye mashine inayoonekana kutoka intaneti. Wageni wataitumia kuficha nyayo zao, na lawama zitakufikia wewe.

Bila mstari wa cache_dir, kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) hukaa kwenye RAM tu, MB 256. Ukitaka ya diski, ondoa alama ya # kwenye mstari huo. Katika "100 16 256", 100 ni MB. Mbili zinazofuata ni idadi ya folda za ngazi ya kwanza na ya pili. Kagua, kisha tengeneza folda hizo:

sudo /usr/local/squid/sbin/squid -k parse
sudo /usr/local/squid/sbin/squid --foreground -z

Ili Squid iwashwe na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, faili ya huduma ipo ndani ya msimbo: tools/systemd/squid.service. Inakili kwenda /etc/systemd/system/ na urekebishe njia za ExecStartPre, ExecStart na PIDFile zielekee kwenye prefix yako. Faili hiyo ina Type=notify, yaani systemd husubiri Squid itamke kwamba iko tayari. Ikijengwa bila libsystemd haitatamka kamwe, na huduma itauawa muda ukiisha ingawa proksi ilikuwa inafanya kazi vizuri. Baada ya systemctl daemon-reload, iwashe na ujaribu:

curl -x http://127.0.0.1:3128 -o /dev/null http://example.com

Soma access.log. TCP_MISS/200 ni salama: imechukuliwa kutoka kwenye chanzo. TCP_TUNNEL/200 ni HTTPS iliyopita. TCP_DENIED/403 inakurudisha kwenye mpangilio wa http_access.

Siku ya kupandisha toleo, endesha squid -v kwanza. Itakuonyesha chaguo zote ulizotumia kwenye configure, uzinakili zilivyo. Squid.conf yako haitafutwa na make install. Mpya huwekwa kando kama squid.conf.default, uilinganishe na yako.