Mzee Anapovunjika Mfupa wa Kidari Bila Kuanguka: Namna ya Kumtambua na Kumuuguza

Mfupa wa kidari, yaani ule mfupa bapa ulio katikati ya kifua na ambao mbavu nyingi zimeshikamana nao, kwa kijana huvunjika kwa kishindo kikubwa, kama vile kifua kinapogonga usukani katika ajali ya gari. Kwa mzee ambaye mifupa yake imepungukiwa madini na kuwa dhaifu, mfupa huo unaweza kupasuka kwa kukohoa sana, kwa kuinua ndoo ya maji, au bila sababu yoyote anayoikumbuka. Walio hatarini zaidi ni wanawake waliokoma hedhi miaka mingi iliyopita, watu waliotumia dawa ya prednisoloni kwa muda mrefu kwa sababu ya pumu au baridi yabisi, na hasa wale ambao mgongo umeanza kupinda, kwa kuwa pingili za uti wa mgongo zinaposagika, kifua hujikunja na mzigo uliobebwa na mgongo huelemea mbele mpaka mfupa wa kidari ukashindwa.

Hata hivyo, maumivu ya kifua kwa mzee yasichukuliwe kuwa ya mfupa kabla moyo na mapafu havijachunguzwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na msichelewe hata kidogo ikiwa anatoka jasho jembamba, anahema kwa shida, au maumivu yanaelekea mkononi au kwenye taya. Maumivu ya mfupa uliovunjika kwa kawaida huzidi anapokohoa, anapovuta pumzi ndefu au anapojigeuza kitandani, na mara nyingi kuna sehemu moja inayouma ikiguswa kwa kidole. Lakini dalili hiyo peke yake haitoshi kuondoa shaka juu ya moyo, na ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo na cha damu hutangulia.

Moyo ukionekana salama, mwelezeni daktari kwamba mgongo wa mzee umepinda, au kwamba kimo chake kimepungua, kisha mwulizeni kama picha ya eksirei inaweza kupigwa kwa ubavuni. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu picha ya kawaida ya kifua, inayopigwa kwa mbele, mara nyingi haionyeshi ufa huo, kwani mfupa wa kidari hufunikwa na kivuli cha uti wa mgongo. Pale penye mashine ya CT, inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande, ufa huonekana vizuri zaidi. Daktari atahitaji pia kuhakikisha kwamba mfupa haukudhoofishwa na saratani, iwe ya uboho au iliyosambaa kutoka kwenye titi au tezi dume.

Mivunjiko mingi ya aina hii hupona bila upasuaji, ingawa maumivu huweza kuchukua wiki kadhaa. Mpeni parasetamoli kwa saa zilizopangwa na kwa kipimo alichoandika daktari, badala ya kungoja maumivu yakolee. Diklofenaki na ibuprofeni msimnunulie dukani kwa kukisia, kwa maana zinaweza kudhuru figo, kuchochea vidonda vya tumbo na kupandisha shinikizo la damu. Msimchue kifua wala kumfunga kanga kwa kumbana: kuchua kunaweza kusogeza mfupa, na kubana kunamzuia kupumua vizuri, na mzee anayepumua juu juu kwa kuogopa maumivu hupata nimonia kwa urahisi. Kila saa anapokuwa macho, avute pumzi ndefu mara chache taratibu, na anapotaka kukohoa akumbatie mto kifuani. Alale ameinuliwa kwa mito, atembee kidogo kila siku, na asinyanyue wala kuvuta kitu kizito. Choo cha kuchuchumaa na kigoda kifupi ni tatizo, kwa sababu humlazimu kujivuta kwa mikono anapoinuka. Kiti kirefu na mtu wa kumsaidia vitamwepusha na hilo.

Maumivu yakiisha, ugonjwa wa mifupa bado upo, na hapo ndipo familia nyingi huacha matibabu mapema. Ombeni apimwe wingi wa madini katika mifupa panapopatikana kipimo, na mzungumze na daktari kuhusu dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti, ambayo mara nyingi hutolewa miligramu 70 mara moja kwa wiki. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, na mgonjwa hubaki ameketi wima au amesimama kwa angalau dakika 30, la sivyo inaweza kumchubua umio, yaani njia ya chakula kifuani. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo au asiyeweza kukaa wima hutafutiwa dawa nyingine. Maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao humwongezea kalsiamu. Ikiwa anatumia prednisoloni, msiikatishe ghafla, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha maisha yake. Daktari ndiye atakayeipunguza hatua kwa hatua.